Moyo wa Mhojiwa Namba Kumi na Nne

Wazazi wenzangu, hasa akina mama mnaolea wa kike na wa kiume chini ya bati moja, nayaandika haya ili yasiwakute. Mimi yamenikuta nikiwa macho, nimesimama, mikono yangu mwenyewe ikiwa kazini.

Nina kibanda cha kutoa kopi nje ya geti la chuo kikuu. Ni chumba cha mabati, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Ndani kuna mashine mbili, rimu za karatasi nilizozipanga juu ya mbao zisipate unyevu, na dirisha la kuhudumia wateja. Mashine moja ni nzima. Ya pili ni kuukuu, ilikuja kutoka ng'ambo ikiwa imeshachoshwa na watu tusiowajua, na ikikwama huandika kwenye kioo chake kidogo maneno ya lugha ya kwao.

Kazi hii nayo ina usomi wake. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini miandiko ya chuo kile naijua kuliko msajili wao. Wiki mbili kabla ya mitihani wavulana hupanga foleni dirishani kwangu wakiwa na madaftari ya wasichana, wanatoa kopi. Naujua mwandiko uliolala kama mtama uliopigwa na upepo, na najua ni wa nani. Naujua ule wa herufi nene kama vitumbua, na wenye wino wa rangi mbili. Daftari la mvulana likija kutolewa kopi ningelikumbuka, maana lingekuwa la kwanza.

Na daftari lililopita kwenye kioo cha mashine zangu kuliko yote ni la binti yangu.

Nina mapacha, mvulana na msichana. Mvulana alimtangulia mwenzake kwa dakika ishirini, na dakika hizo amezitumia kama cheo mpaka leo. Nyumbani tunamwita Bosi. Msichana tunamwita Dada. Baba yake anamwita Dada, wajomba wanamwita Dada, hata mimi niliyemzaa namwita Dada. Ukilisikia jina hilo kwetu ujue kuna kitu kinatafutwa: soksi, chumvi, chaja, au majibu.

Wote wawili wako mwaka wa pili na wanasoma lugha moja ya kigeni, ileile ya ile mashine kuukuu. Bosi aliichagua kwa sababu ratiba yake haina kipindi Ijumaa mchana, na Ijumaa mchana ana mpira. Katika miaka miwili amejifunza kusema "habari za asubuhi" vizuri sana, naye huisema mpaka jua linazama.

Dada alianza zamani. Alikuwa na miaka kumi na minne, ametoka shule na sare yake, mashine ikakwama na wateja wamejaa. Mimi nikaipiga kofi kama kawaida. Yeye akachukua karatasi iliyoharibika, akayanakili yale maneno ya kwenye kioo herufi kwa herufi, akaenda nayo kesho yake kwenye maktaba ya shule, kwenye kamusi iliyokuwa imechanika kurasa za mwisho. Aliporudi alikuwa anacheka mpaka amekaa chini. Akaniambia, "Mama, inasema tafadhali. Tafadhali toa karatasi iliyokwama kwenye droo ya pili. Siku zote tunaipiga, kumbe inatuomba." Tangu siku hiyo fundi mashine hatumwiti ovyo.

Sasa, katika idara yao kuna mwalimu mmoja ambaye wanafunzi wanamwita Daktari Asilimia. Ni mtu mwema, ana salamu, ana suti ya kijivu, lakini jambo lolote haliamini mpaka limepata asilimia. Wanafunzi husema hata mkewe akimuuliza kama mchuzi umekolea humjibu sabini na mbili. Alikuja dirishani kwangu na karatasi sita zilizobanwa pini akataka kopi za darasa zima. Juu iliandikwa kwa herufi kubwa: Hojaji ya Motisha ya Kujifunza Lugha ya Pili kwa Kigezo cha Jinsia.

Nikamuuliza, kwa adabu, hiyo ndiyo nini. Akanieleza kuwa anataka kujua nani ana hamu zaidi ya kujifunza lugha, wavulana au wasichana, na ni hamu ya namna gani. Wavulana, akasema, husukumwa na malengo. Wasichana husukumwa na wenzao.

"Sasa Daktari, kama unajua tayari, karatasi zote hizi za nini?"

"Za kuthibitisha, mama."

Kilichonikaa moyoni ni jambo jingine alilolisema wakati mashine inatema karatasi. Kila mwaka idara inapata nafasi moja ya kumpeleka mwanafunzi kwenye nchi inayozungumza lugha ile, akasome mwaka mzima, nauli na chakula juu yao. Zamani walikuwa wanaangalia mitihani, na miaka minne mfululizo nafasi imekwenda kwa msichana. Daktari Asilimia akasimama kwenye kikao akasema mitihani inapima kumbukumbu, haipimi moyo. Mwaka huu wataangalia moyo. Ndiyo maana fomu ilikuwa na sehemu ya kuandika namba ya usajili. Atakayeonyesha motisha kubwa kuliko wote ndiye atakayekwenda.

Nilifurahi kimoyomoyo. Nilijua wa kwenda ni nani. Moyo wa mtoto wangu naujua, nimeusikia ukiongea na mashine.

Ofisi ya Daktari hufungwa muda wote kwa sababu yumo ndani anafanya utafiti, kwa hiyo akaniachia katoni tupu chini ya dirisha. Fomu zijazwe, zirudishwe kwangu Jumatatu.

Jumapili mchana Bosi alikuwa anafunga kamba za viatu vya mpira mlangoni. Fomu yake ilikuwa juu ya meza, ina alama ya duara ya kikombe cha chai. Dada alikuwa jikoni, sufuria ya wali iko motoni, fomu yake ameiweka kwenye kiti. Bosi akapiga kelele kuwa wenzake wanamsubiri. Na mimi, mama yao, niliyejua vizuri kabisa fomu ile ni ya nini, nikafungua mdomo kwa mazoea tu, kama mtu anavyofunga mlango bila kuangalia.

"Dada, mjazie kaka yako. Si mnasoma kitu kimoja?"

Akageuka na mwiko mkononi. "Mama, hapa hawaulizi masomo. Wanauliza moyo wake. Mimi nitaujuaje?"

"Moyo wake uko mpirani. We andika kitu kizuri, usimwaibishe ndugu yako."

Bosi alikuwa ameshafika barabarani.

Sikuelewa nilichokitenda mpaka baadaye, lakini nilikiona. Dada aliketi mezani na fomu ya kaka yake akaandika zaidi ya saa nzima. Mahali pa kuweka vema aliweka vema. Mahali palipoandikwa "eleza kwa maneno yako" alijaza mistari yote, akageuza nyuma akaendelea. Uso wake ulikuwa umelegea, anatabasamu peke yake. Nilifikiri anamtania kaka yake. Wali ulipoanza kunuka kuungua ndipo akakumbuka fomu yake, akaijaza amesimama, kalamu huku na mwiko huku. Dakika kumi haikufika.

Jumatatu fomu zikarudi. Wavulana sikuwaona. Wasichana walikuja mmoja mmoja, kila mmoja ana fomu tatu, nne, amezibeba kama anarudisha vyombo vya watu baada ya shughuli. Rafiki yake Dada, binti mmoja tunayemwita Mrefu, alitumbukiza nne. Nikamuuliza wenyewe wako wapi.

"Wamechoka, mama."

"Wamechoshwa na nini?"

"Na kutozijaza."

Tukacheka wote wawili mpaka mteja akakohoa. Kicheko kile nakihesabu katika makosa yangu, maana ushahidi ulikuwa unadondoka kwenye katoni mbele ya macho yangu na mimi nimeshika mbavu. Nilichungulia moja ya kijana anayeitwa Kofia, kwa kuwa hata kuoga nadhani anaoga nayo. Kofia hajawahi kuleta dirishani hata mstari mmoja aliouandika mwenyewe. Fomu yake ilikuwa na herufi nene kama vitumbua, mwandiko wa Mrefu mtupu, inaeleza anavyoota kwa lugha ya kigeni. Za wasichana wenyewe zilikuwa na vema katikati tu, kwenye "sina hakika", kuanzia juu mpaka chini kama mfereji. Mtu amejaza mioyo mitatu ya watu, akifika kwenye wake mkono umekufa ganzi.

Wiki tatu zikapita. Daktari Asilimia akaja na ripoti, akataka nakala tano zifungwe kwa ule waya wa plastiki wa mviringo na jalada la kung'aa mbele. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepata mtoto wa kwanza. Alipoondoka nikawa natoboa matundu huku nasoma. Siyo desturi yangu kusoma kazi za wateja, lakini hii ilikuwa na wanangu ndani.

Wavulana asilimia themanini na tisa wana motisha ya juu. Wasichana thelathini na nne. Nikadhani nimeruka mstari. Nikarudia. Mbele kidogo mtafiti alikuwa ameandika kuwa wavulana walijieleza kwa ufasaha wa kushangaza, tena kwa mwandiko safi, na kwamba bila shaka motisha ya juu huboresha hata mwandiko wa mwanamume. Aliongeza kuwa motisha hiyo hutoweka ghafla wakati wa mitihani, jambo linaloonyesha wazi kuwa mitihani ina kasoro. Wasichana, alisema, hufanya vizuri mitihani bila kujua kwa nini wanasoma. Yote hayo yalikuwa na jedwali.

Kisha nikafika ukurasa wa thelathini na moja. Hapo alinukuu maneno ya mhojiwa wa kiume namba kumi na nne, kama mfano wa motisha iliyokomaa. Nayakumbuka yote, maana nimeyatoa kopi mara tano:

"Nilikuwa na miaka kumi na minne mashine ya mama yangu iliponiambia kitu ambacho sikukielewa. Kila mtu aliipiga. Nilipotafuta maana nikakuta ilikuwa inatuomba kwa adabu. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ni mambo mangapi tunaombwa kwa adabu na watu ambao hatujui lugha yao, nasi tunawapiga. Nataka kwenda kusikiliza. Nataka nirudi niwe mtu anayesimama katikati ya wawili wasioelewana na kumwambia kila mmoja: hakukutukana, amesema tafadhali. Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili kwa sababu lingeonekana kubwa mno kwangu."

Bosi hajawahi kuigusa mashine ile tangu ilipomuunguza kidole akiwa na miaka tisa.

Chini ya ukurasa iliandikwa: inapendekezwa mhojiwa namba kumi na nne apewe nafasi.

Dada alipokuja kunipokea zamu nikampa ripoti. Akasoma amesimama. Akafika mwisho, akarudi juu akasoma tena, polepole, kama anasoma barua iliyochelewa njiani. Nikamuuliza kwa nini hayo hakuyaandika kwenye fomu yake.

"Yangu ningeonekana najisifu," akasema. "Kwenye ya Bosi nilikuwa huru. Mvulana akisema anataka jambo kubwa, watu wanasema ana malengo."

Jioni nyumbani Bosi alishangaa kuliko sote. Alisema, "Mimi? Kwani nilisema nini?" na kwa kweli nilimwonea huruma. Lakini mshangao wa kijana hauna miguu mirefu. Kabla chai haijapoa alikuwa ameanza kusema kwamba labda kuna kitu walimu wamekiona ndani yake. Baba yao, ambaye ni dereva wa lori na huyatazama mambo yote kama safari, akasema nafasi imeingia nyumbani, iwe imepita mlangoni au dirishani haidhuru, mvua haichagui bati.

Na mimi, nisiseme uongo, usiku na mchana wa siku mbili nilijaribu kuridhika. Nilijiambia mtoto ni mtoto. Nilijiambia msichana peke yake ugenini mwaka mzima, nani atamwangalia, akiugua je, akipotea je. Hofu ya mama haikosi sababu, ukiifungia mlango inaingia na wageni. Nikaanza hata kuona kwamba huenda Mungu amepanga.

Bosi akaambiwa Alhamisi ataitwa mbele ya jopo kuthibitishwa. Akamwendea mwenzake, akamwomba amfundishe maneno mawili matatu ya kuvukia. Dada alikuwa anakunja nguo. Bosi akanitazama mimi. Wazazi wenzangu, mdomo wangu ulikuwa umeshaanza. Nilikuwa nimeshasema, "Mwanangu, msaidie ka..."

"Nimeshamsaidia, mama," Dada akasema, akaendelea kukunja nguo. Zilikuwa jezi za Bosi.

Hapo ndipo aibu ilinipata. Jumatano nikachukua kopi za madaftari zilizobaki kibandani, nikaenda ofisini kwa Daktari Asilimia nikagonga mpaka akafungua. Nikampangia mezani. Huu mwandiko ni wa binti fulani, na huu hapa kwenye fomu ya kijana fulani ni uleule, tazama mkia wa herufi. Alisikiliza kwa upole sana. Akasema mwandiko si data. Akasema alichosikia kutoka kwangu kitaalamu kinaitwa maneno ya mtaani, ingawa kinaweza kuwa utafiti mzuri siku nyingine, na ukifika wakati huo atahitaji kopi. Kisha akaniomba kesho nilete nakala mbili zaidi kwa ajili ya jopo.

Kwa hiyo Alhamisi nilikuwemo ndani. Walikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu: mkuu wa idara, aliyekuwa anasaini karatasi nyingine kabisa, Daktari Asilimia, na mama mmoja wa makamo mwenye miwani aliyetoka kwenye ofisi inayotoa nafasi yenyewe. Bosi alikaa mbele yao katika shati la baba yake. Mimi nikaambiwa nikae pembeni nisubiri kusainiwa stakabadhi.

Yule mama alimsemesha Bosi kwa ile lugha, maneno mengi, laini. Bosi akasubiri amalize, akajibu kwa sauti ya kujiamini: habari za asubuhi. Ilikuwa saa tisa mchana.

Daktari Asilimia akaeleza kuwa motisha ikizidi kiwango humfunga mtu ulimi, na kwamba jambo hilo liko ukurasa wa arobaini.

Yule mama akafungua ripoti ukurasa wa thelathini na moja. Alikuwa ameuwekea alama. Akasema kwa Kiswahili kwamba amesoma fomu za vyuo vingi lakini maneno haya yalimfanya aje mwenyewe badala ya kutuma barua. Akamwomba Bosi asimulie tu, kwa lugha yoyote, mashine ile ilimwambia nini.

Bosi akanigeukia. Alikuwa na macho ya miaka tisa.

"Iliniambia," akasema, "karatasi zimeisha."

Nikasimama. Sikumbuki kuamua. Nikasema fomu ile hakuijaza yeye, aliijaza dada yake, na aliyemwagiza ni mimi.

Mkuu wa idara akaacha kusaini, akasema neno udanganyifu, akasema na neno kusimamishwa. Yule mama hakumjali. Alivua miwani, akainama kuelekea kwangu, na usoni mwake mlikuwa na mwanga wa mtu aliyetafuta kitu nyumba nzima akakiona kiko mkononi.

"Kwa hiyo mama, maneno haya ni ya binti yako? Ni yeye ndiye anayetaka haya?"

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Nilitakiwa kusema ndiyo. Neno fupi, mtoto wa mwaka mmoja analiweza. Lakini masikioni mwangu lilikuwa limekaa lile la kusimamishwa, nikamwona mwanangu anafukuzwa chuo, nikafanya kama mamangu alivyonifanyia mimi na mamake alivyomfanyia yeye. Nikamfunika.

"Hapana, mama. Ni maneno tu, aliyatunga kumpendezesha kaka yake. Msimwadhibu. Binti yangu hana makuu. Hana hamu ya kwenda popote, ni mtoto wa nyumbani, ukimpa anapokea na usipompa anashukuru."

"Hana hamu?"

"Hana kabisa. Nisameheni."

Yule mama akavaa miwani yake. Daktari Asilimia alikuwa ameshafungua faili, akatoa fomu ya Dada, ile ya mwiko na wali. Sina hakika, sina hakika, sina hakika, na doa la mafuta pembeni. Akaiinua ionekane na meza nzima.

"Mnaona?" akasema. "Mzazi mwenyewe anathibitisha data."

Waliamua palepale. Bosi akafutwa kwa sababu hakujaza. Dada akasamehewa kwa sababu alitumwa. Nafasi ikaenda kwa anayefuata kwenye jedwali, namba ishirini na saba, ambaye ni Kofia. Nikanyoosha kidole nikaanza kusema na huyo pia alijaziwa, mwandiko naujua. Daktari Asilimia akaniambia kwa upole uleule, "Mama, ukiendelea hivyo hatutabaki na utafiti." Wakanisainia stakabadhi yangu.

Tulipokaribia kibandani Bosi akasema tu, "Mama, mimi ungenisemea baadaye. Yeye ungemsemea kwanza." Sikutegemea maneno hayo kutoka kwake, na bado sijui aliyapata wapi.

Dada alikuwa dirishani anahudumia. Nikamsubiri amalize foleni, kisha nikamweleza, nikianza na sehemu niliyoona ni ya ushujaa, jinsi nilivyosimama mbele ya wakubwa nikasema kweli. Akauliza yule mama aliuliza nini. Nikamwambia. Akauliza nilijibu nini. Nikamwambia na hilo, kwa sauti ya chini.

Akapiga rimu mpya juu ya meza ili karatasi zilingane, mara moja, mara mbili.

"Umesema kweli ya Bosi," akasema. "Yangu hukuisema."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningelala.

Kofia aliondoka mwezi uliofuata. Yuko huko sasa, ametuma picha ana kofia nyingine nzito zaidi. Mrefu anasema kila asubuhi Kofia hupiga picha tangazo lililobandikwa mlangoni mwa bweni lao na kumtumia yeye, naye Mrefu humtafsiria Kofia akiwa bado kwenye foleni ya kuoga, amjulishe kama leo maji ya moto yapo au yamekatwa. Ripoti ya Daktari Asilimia imekwenda kwenye mkutano mkubwa. Niliifunga mimi. Aliongeza maelezo kwa herufi ndogo kwamba mhojiwa namba kumi na nne ameondolewa na kwamba matokeo hayakutetereka.

Nami nikakata shauri kuandika barua kwa yule mama mwenye miwani. Nilitumia siku nne. Niliandika kuwa siku ile nilidanganya kwa woga, kuwa binti yangu anataka, anataka sana, anataka mambo makubwa kuliko kibanda chetu na kuliko hofu yangu. Niliifuta na kuiandika upya mpaka karatasi ikawa nyembamba. Nilipomaliza nikampa Dada aisome kabla sijaituma.

Akaisoma yote. Akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Asante, mama. Usiitume."

"Kwa nini? Nimeandika vibaya?"

"Umeandika vizuri. Ila majina ya mwaka ujao yanapokelewa mwezi wa tatu, na nimeshampelekea barua yangu. Niliandika juzi." Akafunga dirisha la kibanda, akaweka komeo. "Nimejisifu kurasa mbili."

Nilitaka kumuuliza kama atakuwa na nguo za baridi, na huko atakaa na nani, na kama yule mama amejibu. Nikaubana mdomo kwa meno. Tukatembea mpaka nyumbani sijasema kitu, na hiyo, wazazi wenzangu, ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kuzifanya.